Kupita medikali si kuchanjwa

Kiti changu na cha jirani vilipakana pale kinyozi, Majengo ya Nairobi, hatua chache kabla hujaingia soko la Gikomba. Ndiyo sababu tukaitana jirani, ingawa yeye alilala Shauri Moyo na mimi kwa mama, nyuma ya msikiti. Miaka sita tulinyoa vichwa viwiko vikigusana. Tuliomba pasipoti wiki moja, tukajiandikisha kwa ajenti mmoja aliyekuwa akitafuta vinyozi wa kwenda Jeddah, na asubuhi moja ya Januari 2023 tukaenda kupimwa pamoja, matumbo matupu, kila mtu na picha zake ndani ya bahasha.

Aliyewahi kutafuta kazi Ghuba anaijua medikali. Unapigwa picha ya kifua wakiangalia kifua kikuu. Unatolewa damu wakiangalia Ukimwi, kaswende, homa ya ini B na C. Unapewa vikopo viwili na kuelekezwa choo kilipo. Halafu unakaa kungoja neno moja, kwa sababu karatasi ile haijui mambo ya katikati: uko fiti au hauko fiti.

Mimi nilikuwa fiti. Jirani hakuwa. Kwenye karatasi yake kulikuwa na mstari uliozungushiwa kalamu nyekundu, HBsAg, ile alama ya virusi vya homa ya ini B ikionekana ndani ya damu. Wakati huo hatukujua hata maana ya herufi zenyewe. Karani aliyetukabidhi hakueleza kitu. Alimwambia tu, "Wewe huendi," akaita nambari iliyofuata.

Nitasema ukweli hapa, maana nikiuficha sina haja ya kuandika. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, jirani akiwa amesimama ubavuni mwangu. Na kesho yake nilikwenda kazini na kikombe changu kutoka nyumbani. Pale kinyozi tulikuwa na vikombe vitatu vya bati, vya wote, unachukua kilicho karibu. Mimi nilitoa changu cha plastiki, cha kijani, nikakiweka kwenye rafu yangu nyuma ya chupa ya spiriti. Jirani alikitazama mara moja kupitia kioo. Sisi vinyozi hatutazamani usoni, tunatazamana kwenye kioo. Hakusema neno, akaendelea kumpunguza mteja ndevu.

Baada ya siku tatu aliniomba nimsindikize akapimwe tena mahali pengine, labda damu yake ilichanganywa na ya mtu. Tukaenda kliniki moja ndogo upande wa Eastleigh. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na sauti ile ya akina mama waliochanja watoto maisha yao yote: si kali, lakini huwezi kuibishia. Alivaa miwani, akasoma karatasi ya jirani, akamtuma maabara, kisha akanigeukia mimi niliyekuja kusindikiza tu.

"Na wewe, baba?"

"Mimi niko sawa, sista. Nilipita medikali."

"Ulipita nini?"

"Hiyo homa ya ini. Sina."

"Sikuulizi kama unayo. Nakuuliza umechanjwa?"

Nikarudia kwamba nilipita. Akaiacha miwani ianguke kifuani.

"Kupita si kuchanjwa. Karatasi yako inasema siku uliyotolewa damu hawakuona kitu. Ya kesho haiyajui. Kazi yako ni gani?"

"Kinyozi."

"Na huko unakokwenda?"

"Kinyozi vilevile."

"Kwa hivyo unakwenda kushika damu ya watu usiowajua, kila siku, miaka miwili, na kinga yako ni karatasi ya Januari."

Sikuwa na jibu. Mpaka dakika ile, kwa akili yangu, kupimwa na kukingwa vilikuwa kitu kimoja. Nilipimwa, nikaonekana safi, basi nimemaliza. Na nimekutana na wengi baadaye wenye fikra hiyohiyo, wadada wa kazi za nyumbani, madereva, walinzi. Hakuna anayetuambia kwamba medikali inamlinda mwajiri asipelekewe mgonjwa. Wewe mwenyewe haikulindi na chochote.

Akaniuliza mashine tunazisafishaje. Hapo nilijibu kwa kujiamini, kwa sababu usafi wetu ulikuwa unasifiwa mpaka Shauri Moyo. Nikamweleza tunavyopiga brashi, tunavyomwagia spiriti na kuwasha kiberiti moto ukarukaruka juu ya meno ya mashine, wateja wanapenda sana kuuona moto ule. Na kuna kisanduku chenye taa ya buluu, tunatia humo mashine na vichana. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taa ile haifiki chini ya nywele wala nyuma ya wembe, na moto wa sekunde mbili ni wa kumfurahisha mteja. Virusi hivi vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, hata kwenye tone lililokauka lisiloonekana. Kifaa kisuguliwe kwanza, kioshwe, ndipo kilowekwe kwenye dawa ya klorini kwa muda wake. Wembe ni mmoja kwa kichwa kimoja, ukimaliza tupa.

Nikakumbuka wembe. Si wa wateja, huo tulikuwa tunabadilisha. Nilikumbuka wembe wetu sisi, mimi na jirani, wa kunyoana Jumamosi usiku baada ya kufunga mlango. Nusu wembe kwenye kishikio, yeye ananimaliza, ananipa, namnyoa yeye. Miaka sita. Na mimi nilikuwa nimehamisha kikombe.

Jirani alirudi na majibu yaleyale. Yule mama akamkalisha, na lazima niseme alichukua muda wake, ingawa benchi la nje lilikuwa limejaa watoto wanalia. Alimwambia mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvifukuza virusi wenyewe. Katika watu wazima 100 hawafiki watano wanaobaki navyo. Mtoto mchanga ni kinyume: wakiambukizwa 100, karibu 95 watakaa navyo. Kwa hiyo mtu wa huku kwetu Afrika akionekana navyo ukubwani akiwa mzima wa afya, mara nyingi alivipata akizaliwa au angali mdogo.

"Yaani nimetembea nayo tangu nikibebwa mgongoni?" jirani aliuliza. Mtu huyu kila Jumapili alikuwa anacheza mpira uwanja wa Kamukunji, kiungo, dakika zote tisini.

"Yawezekana. Wengi hawasikii chochote miaka na miaka. Ini halilii. Siku likilia unakuta limeshakakamaa, au ni saratani."

Akamweleza atakayoyafanya. Arudie kipimo baada ya miezi sita ili ijulikane kama kweli ni ya kudumu. Apimwe kazi ya ini na wingi wa virusi, apigwe picha ya tumbo. Si kila mwenye nayo anahitaji dawa, na anayehitaji zipo, tenofovir kwa mfano, kidonge kimoja kwa siku. Pombe aiache. Mke apimwe, na kama hana, achanjwe. Mashine na wembe wake viwe vyake. Kazi aendelee nayo.

"Na chakula?" jirani aliuliza.

"Kula na watu. Salimiana na watu. Beba mtoto wako. Haipiti kwa sahani, haipiti kwa kikombe."

Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Mtoto wa jirani alikuwa na miaka minne. Tulipofika Shauri Moyo mkewe alitoa kile kijitabu cha kliniki kutoka chini ya godoro, na humo, kwenye mistari ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, palikuwa na tarehe tatu. Sindano ile ya paja wanayochomwa watoto, inayokinga magonjwa matano kwa mpigo, homa ya ini B imo. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2001. Kumbe mtoto alikuwa amekingwa kuliko baba yake na mimi tukichanganywa pamoja. Sisi tulizaliwa zaidi ya miaka kumi kabla. Hebu wahesabu wanaopanga foleni za kwenda Ghuba, waliozaliwa kabla ya mwaka huo bado ni wengi sana.

Mke alipimwa, hana, akaanza sindano. Kuhusu mama yake aliyeko kijijini, jirani alikaa na simu mkononi kama robo saa. "Nimwambie nini? Kwamba alinipa?" Hakupiga siku ile.

Mimi nilichomwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo ya kliniki. Niliuliza swali ambalo kila mtu analiuliza: je, si ndio kutiwa ugonjwa wenyewe? Yule mama alicheka. Alisema chanjo ya mwanzo kabisa, ya 1981, ilitengenezwa kwa damu ya watu wenye virusi, ikisafishwa na kuuliwa kila kitu. Lakini tangu 1986 wanatumia hamira. Ndiyo, hamira, jamaa ya ileile ya kuumua mandazi. Hamira inafundishwa kutengeneza kipande cha ganda la virusi, ganda tupu lisilo na kitu ndani, mwili unalisoma na kulikariri, basi. Hilo la hamira nililipeleka nyumbani, mama hakuamini mpaka leo.

Nilianza kulegeza mshipi wa suruali, akanizuia. Mkono, baba, hapa begani. Sisi tumezoea kwamba sindano ya maana ni ya makalio, lakini hii ikichomwa kwenye mafuta ya kule nyuma inapoteza nguvu.

Ratiba ya kawaida ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Mimi nilimwambia nasafiri baada ya wiki tatu, ajenti amesema. Basi kuna ya haraka, akasema: leo, siku ya saba, siku ya ishirini na moja, halafu ya nne baada ya mwaka mzima. Akaniandikia kadi. Nikalipa. Bei ya sindano moja ilikuwa kama pato langu la siku mbili nzuri, na siku nzuri kinyozi ni Jumamosi na mkesha wa Idi.

Siku ya sita ajenti akapiga simu. "Jiandae, tiketi inatoka Alhamisi."

Unajua mtu akiambiwa tiketi inavyomwingia. Siku ya saba sikwenda kliniki, nilikwenda Eastleigh kununua sanduku. Nililizungusha dukani kwa magurudumu yake kama mtu anayenunua gari. Nikanunua mashati mawili na mafuta ya mgando ya kutosha miezi sita. Nikaaga. Mama akapika pilau, majirani wakaja, shehe akaniombea dua. Alhamisi ikapita. Ajenti akasema wiki ijayo.

Iliyofuata ilikuwa wiki ijayo. Na ile nyingine. Sitaki kuieleza yote, aliyewahi kushughulika na ajenti anajua "wiki ijayo" ni namna ya kusema sijui. Februari, Machi, Ramadhani ikaingia, tukafunga, tukafungua. Sanduku lilikaa juu ya kabati likijaa vumbi na kadi ya kliniki ndani yake, na tarehe moja tu imejazwa. Kila nilipofikiria kurudi nilijiambia nitasafiri wiki ijayo, kuna haja gani ya kuanza kitu nisichomaliza. Miezi saba. Ningechukua ile ratiba ya kawaida siku ile ya Januari, mwezi wa saba ungenikuta nimemaliza zote tatu na nimesahau.

Kuna siku ya Aprili nilitaka kukata njia. Duka moja la dawa mjini, kijana wa kaunta aliniambia anayo hiyo chanjo na bei yake ni nusu. Nikauliza iko wapi. Akavuta droo, akatoa kichupa kutoka kati ya sharubati za kikohozi na betri. Nilikuwa nimeona friji ya yule mama kule Eastleigh, na kipimajoto kimening'inia ndani, na namna alivyopanga vichupa mbali na barafu, kwa sababu chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, joto linaidhoofisha na ikiganda ndiyo imekufa kabisa. Nikamwambia kijana nitarudi. Tangu hapo mtu akiniomba ushauri naanza na friji kabla ya bei.

Agosti ajenti akapiga, safari hii kwa kweli: viza iko, lakini medikali yangu imepitwa na wakati, nirudie. Nikachukua kadi, nikaenda Eastleigh na aibu yangu. Nilikuwa na hakika nitaambiwa nianze upya na pesa za ile ya kwanza zimekwenda na maji.

"Umekuja," yule mama alisema, akiangalia tarehe. "Tunaendelea. Ya pili leo."

"Hatuanzi upya?"

"Kwani mwili wako umesahau? Ulipoishia ndipo tunapoendelea. Ya tatu utaichukua wiki nane kuanzia hii." Alikuwa ameshafungua friji, akasimama. "Medikali umefanya?"

"Kesho."

"Basi sikuchomi leo."

Sikuelewa. Akanieleza jambo ambalo nimelirudia kwa watu zaidi ya jingine lolote katika habari hii. Kipimo cha medikali kinatafuta lile ganda la virusi. Chanjo nayo ni ganda lilelile, tupu. Mtu akichomwa, kipimo kinaweza kuliona kwenye damu yake hadi siku kumi na nane na kusema anayo, kumbe ni sindano. Kule hospitalini daktari atafikiri, atapima vitu vingine. Kule kwa ajenti hakuna wa kufikiri, ni fiti au si fiti.

"Nenda utolewe damu kwanza. Ukitoka tu, njoo. Plasta iwe mkono huu, mimi nitachoma mkono ule."

Ndivyo nilivyofanya. Kesho yake saa sita mchana nilikuwa kwenye benchi lile, plasta mkono wa kushoto, nikachomwa wa kulia. Nikarudi kinyozi nikishindwa kuinua mashine vizuri, bega linauma kama nimebeba magunia. Jirani alinifunikia mteja shuka na kumnyoa badala yangu. Alipomaliza alimimina chai. Akamimina kwenye kikombe changu cha kijani, akanipa kwa mikono miwili, bila tabasamu. Afadhali angenitukana.

Ya tatu niliichukua Oktoba, siku nne kabla ya ndege. Safari hii nisingekubali tiketi wala ajenti anipite. Ningeambiwa ndege ni saa hiyo ningepitia kliniki na sanduku langu.

Ajenti alichokumbuka kuniuliza ni kile kitabu cha manjano tu. Homa ya manjano wanaijali kwa sababu ina mtu wa kuiuliza: Saudia wanakitaka cheti kwa anayetoka nchi kama yetu, na usipokuwa nacho unazuiwa. Ile ni sindano moja, cheti kinaanza kazi siku kumi baadaye, na tangu 2016 ni cha maisha. Mjomba alipokwenda kuhiji naye aliulizwa ya homa ya uti wa mgongo, mahujaji wote huulizwa. Ya homa ya ini B hakuna afisa wa mpakani atakayekuuliza umechomwa lini. Haina mlinzi mlangoni. Wakati Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake mwaka huo mmoja.

Jeddah nilipofika nilitolewa damu tena kabla ya kupata kibali cha ukaazi, na homa ya ini B ilikuwa kwenye orodha. Nikafikiria: mtu angeambukizwa hapo katikati, wiki za kusubiri nyumbani, kwa wembe wa kuazimana au kwa mapenzi au kwa daktari wa meno wa uchochoroni, angerudishwa na deni la ajenti shingoni. Ugonjwa wenyewe unachukua mwezi mmoja hadi sita kujitokeza. Unaweza kuondoka nao hujijui.

Chumba chetu tulikuwa wanane, mataifa manne. Nitalisema kwa uchache kwa sababu wenzangu wana wake makwao: wanaume wanane miaka miwili mbali na nyumbani si malaika. Na hata waliokuwa malaika walishirikiana mashine moja ya kunyolea ndevu iliyokuwa bafuni, haina mwenyewe, haijaoshwa tangu inunuliwe. Usiku wa kwanza niliitia kwenye mfuko wa taka. Kesho yake kulikuwa na kelele, nikasema mimi kinyozi, nitawanyoa bure kila Ijumaa, kila mtu alete wembe wake. Wakakubali. Kinyozi wa bure nani atamkataa.

Kuhusu wembe, Wasaudi nawapa haki yao. Msimu wa Hija wanaume wananyoa vichwa kwa maelfu kwa maelfu katika siku chache, na mtu anaweza kufikiria wembe mmoja ungetembea vichwa vingapi kule Mina. Vinyozi wa ruhusa kule wanatumia wembe wa mara moja, unamaliza kichwa unatupa, na mahujaji wanaonywa wasikae kwa kinyozi wa barabarani. Mwenzangu mmoja wa dukani alikwenda kufanya kazi msimu wa 2024. Alirudi na vidole vimevimba, anasema kufungua wembe kulimchosha kuliko kunyoa.

Siku moja, ilikuwa jioni yenye wateja wengi, nilimkata mzee mmoja kidogo kwenye kinundu cha kisogo, na nilipokuwa nafuta, wembe uleule ukaniingia kwenye kidole gumba. Damu yake na yangu zikawa kitu kimoja. Niliweka kidole chini ya bomba, maji na sabuni, muda mrefu. Mwenzangu wa kiti cha pembeni, kijana asiyechanjwa hata moja, aliniangalia kwenye kioo, uso umemtoka rangi kwa niaba yangu. Sikusema sina wasiwasi kabisa, chanjo hii haikingi homa ya ini C wala Ukimwi, na nilikwenda kuonana na daktari usiku uleule. Aliuliza kuhusu homa ya ini B. Nikampa kadi ya Eastleigh, tarehe tatu kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa yule mama. Akaisoma, akairudisha, akahamia swali jingine. Sekunde tano. Nimelipa siku sita za unyozi kwa sekunde tano zile, na ningelipa tena. Kijana wa kiti cha pembeni alianza sindano mwezi huohuo.

Niliporudi likizo mwishoni mwa 2025 nilimuuliza sista kama nipimwe kingamwili kujua chanjo imeshika. Alisema huko ni kwa wauguzi na watu wa maabara hasa, mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho, na kipimo kikifika 10 wamekingwa. Wachache sana haiwashiki mara ya kwanza na hurudia. Mimi nikae nilivyo. Miwani ilikuwa kwenye kamba mpya.

Jirani amehamia kiti cha kwanza, kile kilichokuwa changu, karibu na mlango penye mwanga. Vipimo vyake vilisema ni ya kudumu, virusi ni vichache, ini linafanya kazi, hajahitaji dawa, anarudi kuangaliwa kila miezi sita. Mkewe alimaliza sindano zote. Mwaka uliopita jirani alimwambia mama yake, uso kwa uso, na nduguze watatu wakaenda kupimwa. Moto wa kiberiti ameuacha, wateja walinung'unika wakazoea. Mashine mbili ziko kwenye beseni la klorini, ya tatu iko kazini, na wembe anaufungua mbele ya macho yako, karatasi yake unaisikia ikichanika.

Kikombe changu cha kijani bado kipo kwenye rafu. Ameweka humo brashi za kusafishia nywele. Nikachukua kikombe cha bati kilichokuwa karibu, nikajimiminia chai, nikakaa kwenye kiti chake anipunguze.

Kiti cha pili sasa kina kijana wa miaka ishirini na tano, mcheshi, mikono myepesi. Anakwenda Doha. Ameshaomba pasipoti na ajenti ameshampa tarehe. Nilimuuliza kama ameanza sindano.

"Bado, kaka," akasema. "Nangoja kwanza nipite medikali."

Jirani alizima mashine.